Mdomo wa Marehemu

Fundi picha aliinua kalamu juu ya kibao chake cha kuchorea kilichounganishwa na kompyuta, na mkono ukagoma. Macho ya marehemu pichani alikwisha kuyasafisha, mashavu pia, ila pale penye mdomo maji yalikuwa yamekula picha, na picha nyingine ya yule kijana haikuwepo. Jeneza lilikuwa linaisubiri hii ikamilike ndipo liondoke.

Nyuma ya kiti chake ukoo ulikuwa umejazana, kila mtu na mdomo wake.

"Midomo minene, ya kwetu," alisema shangazi.

"Ya kwenu wapi? Ile ilikuwa ya mjomba wake," akadakia mama mdogo. "Na akicheka inapinda kushoto."

"Kulia, wewe. Hata siku moja hukumwangalia."

Fundi alichora, akafuta, akachora tena. Kibao kile kinafuata uzito wa mkono: ukigandamiza, mstari unanenepa, ukigusa tu, unakuwa kama unywele. Kila mdomo uliotokea kwenye skrini ulikuwa wa mtu mwingine.

Akamgeukia mama mzazi wa marehemu. "Mama, tusaidie. Mdomo wake ulikuwaje?"

Mama akafumbua kinywa amweleze. Fundi akauona uso wake ukisawijika alipotambua kwamba hakumbuki.

Mama akaichukua kalamu mwenyewe, akaishusha juu ya kibao, macho kwenye skrini. Hapakutokea kitu.

"Gandamiza kidogo, mama," fundi akamnong'oneza.

"Nitamuumiza."