Katoni Isiyofika Rafuni

Kila shehena ilipofika, katoni moja haikupanda rafuni.

Kananu alianza kuligundua hilo mwezi wa Mei. Yeye na mumewe, Rwamba, walikuwa na duka la jumla mtaani Majimbo, mjini Embu, na waliagiza konfleksi kutoka Uturuki kupitia kwa Abdikadir, mfanyabiashara wa Meru aliyezoea mambo ya bandari.

Biashara yenyewe haikuwa ya mchezo. Kila aina ya nafaka ya pakiti lazima ipimwe maabarani, ipate cheti na stika, na maandishi yake yasomeke kwa Kiingereza au Kiswahili. Konfleksi za mahindi zilikuwa zimeshapita huko kote. Katoni hiyo ilikuwa ya aina nyingine, ya mchele mtupu, na Rwamba alikuwa ameihangaikia kibali chake peke yake, kwa ajili ya pakiti ishirini na nne tu. Maandishi ya Kituruki yalipokataliwa, Kananu alimkuta nyuma ya duka ameketi juu ya gunia, akibandika lebo mpya kwa mkono, pakiti baada ya pakiti, kila moja akiilainisha kwa kidole gumba.

Alimuuliza ni za nani. Rwamba akajibu kwamba kuna mteja wa mbali.

Kananu alikitazama kile kidole gumba. Katika miaka sita ya ndoa hakukumbuka kuguswa kwa upole kama ule.

Kuanzia siku hiyo wivu ukawa ndio mlo wake. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Rwamba aliipakia katoni kwenye pikapu, akaondoka asubuhi na kurudi jioni akiwa na vumbi jekundu kwenye viatu. Hakuwa mkali wala mwongo wa maneno mengi. Alikuwa kimya tu, na mara nyingine Kananu alimkuta akimtazama, kama mtu anayetaka kuuliza jambo kisha akaahirisha. Simu yake ilikuwa na namba aliyoihifadhi bila jina la mtu. Aliiandika "Kiambere".

Kananu alilisoma neno lile mara mbili. Kati ya vijiji vyote vya dunia, alijiuliza, kwa nini huyo mwanamke awe wa Kiambere?

Alimpigia Abdikadir. Yule mzee alisitasita, akajaribu kuzungumzia bei ya dola, mwishowe akasema, "Mama, hiyo ya mchele si ya kuuza. Ni ya mtoto ambaye ngano na shayiri zinamdhuru, hata konfleksi zenu hizo hawezi kula, maana zimetiwa kimea cha shayiri. Zaidi ya hapo muulize bwana yako."

Mtoto. Kananu alikata simu bila kuaga. Miaka sita watu wa Rwamba walikuwa wakinong'ona kwamba mke huyu waliyemtoa kwao Kangeta ni tasa, naye alikuwa akinyamaza, akiinamisha kichwa, akiwaachia waseme. Hata mama mkwe alipomwambia usoni, hakujibu. Sasa kumbe mwenzake alikuwa ameshajitafutia pa kuitwa baba.

Jumamosi iliyofuata, ya kwanza ya mwezi, alivaa lile gauni la kijani la harusi ya dada yake, akajipaka mafuta, akavaa mkufu wa dhahabu shingoni. Alitaka yule mwanamke amwone vizuri. Alikuwa na maneno tayari, aliyoyapanga juma zima: kwamba duka ni la wawili, kwamba mume wa mtu si shamba la kukodi. Alisubiri pikapu itoweke, akapanda gari la kwanza la kuelekea Mbeere, upande wa Kiambere.

Sokoni Kiambere hakuhitaji kuuliza sana. Kijana wa pikipiki aliijua pikapu yenye jina la duka ubavuni. Alisema mwenye pikapu huja kila mwezi, humletea msichana mmoja chakula chake, tena hukaa naye akimsaidia hesabu za shule. Mtu mzuri sana yule, alisema.

Walipoiacha barabara kubwa na kushika njia ya bwawani, Kananu alimwambia apunguze mwendo. Baadaye kidogo akamwambia asimame. Alishuka, akasimama kando ya njia akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, na kijana akadhani ni kizunguzungu cha jua. Alitaka kurudi. Wivu ndio uliomrudisha juu ya pikipiki.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa chini ya mgunga. Uani, kwenye benchi, Rwamba alikuwa ameketi na msichana wa miaka kama kumi na miwili mwenye bakuli mapajani. Msichana alikuwa akila huku akicheka jambo aliloambiwa.

Mlangoni alitokea mwanamke. Hakuwa kijana. Alikuwa bibi mwenye mvi na lesso kiunoni, na alipomwona aliyesimama penye lango, alijishika kifua.

"Kananu," alisema yule bibi.

Rwamba aligeuka. Hakushtuka, wala hakuinuka kujitetea. Alimtazama mkewe kwa yale macho ya kuahirisha swali, ila safari hii hakuahirisha.

"Shangazi yako huyu alikuja dukani mwezi wa Machi, akikutafuta wewe," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Kisha akachukua bakuli kutoka mapajani mwa msichana, taratibu, lisimwagike.

"Karwirwa, inuka. Msalimie mama aliyekuzaa."