Damu ya Azzan

Kitoto cha panya kilimng'ata Lamya kidole, na manyoya yenyewe hata hakijakamilisha. Damu ilichuruzika. Lamya akabaki kasimama katikati ya maabara, anakitazama kile kitoto.

Kitoto kile kilikuwa cha ukoo wa panya weusi, wakali wasioshikika. Lamya mwenyewe ndiye aliyekiondoa kwa mama yake siku kilipozaliwa, akakipaka harufu ya kiota cha panya mweupe, mtulivu kama maji ya mtungi, ili mweupe huyo akione kama chake. Mweupe akakilamba, akakinyonyesha, akakilea. Bado kinang'ata.

"Malezi yanasaidia," alisema Daktari Hafiz, mkuu wa utafiti, akimfunga kidole. "Lakini damu nayo haisahau."

Lamya alirudi kwao Kiponda. Baba yake, Azzan, alifia jela alikofungwa kwa kumchoma kisu jirani, Lamya na mdogo wake Maha wangali wachanga. Aliyewalea ni mama yao, Bi Bahiya, ambaye mtaa mzima haujapata kumsikia akipaza sauti. Na jana Lamya alimrushia Maha pasi ya moto, kisa mtandio. Ilimkosa sikio kidogo tu.

Ijumaa kina Qais, kijana anayetaka kumuoa, wanaleta posa. Walishaulizia ukoo wa baba, kama ilivyo desturi, wakaguna, kisha wakasamehe: msichana kalelewa na mama mwema.

Alimkuta mama yake jikoni anakuna nazi.

"Mama, waambie wasije. Nnaogopa. Mwana wa nyoka ni nyoka. Ntakuja kumuua mtoto wa watu."

Bi Bahiya aliendelea kukuna. "Ulipoirusha ile pasi, masikio yalikuvuma?"

"Naam."

"Halafu kukawa kimya. Ukaona raha kidogo."

Lamya alimsogelea. Hilo hakumwambia mtu.

"Nani kakwambia, Mama? Kumbe Baba naye alikuwa hivyo?"

"Baba yako?" Bi Bahiya aliweka kifuu chini, akamtazama binti yake kwa huruma. "Baba yako kuku akichinjwa alikuwa anatoka nje. Lakini akinipenda, mwanangu. Polisi walipobisha hodi, alinipokonya kile kisu, akakishika yeye."