Donge la Mzee Mbaruku

Mzee Mbaruku alichoka kukumbushwa dawa na mkewe, Bi Mize. Asubuhi moja akameza vidonge vyote vya kuongeza damu kwa mkupuo mmoja, ili yaishe. Kabla ya adhuhuri alikuwa hospitali, anatapika na kujikunja.

Daktari aliinua picha ya eksirei. "Vidonge vimegandamana tumboni, mama. Ona donge hili. Tukiliacha humo litamwua."

Bi Mize akaliona, jeupe kama yai, katikati ya mume wake.

Wakamchoma mzee sindano ya usingizi, wakampitishia mpira wenye kamera kooni, wakalimega lile donge na kulitoa vipande vipande. Bi Mize alikaa nje akiapa kimoyomoyo kwamba hatamsumbua tena huyu mzee.

Alipozinduka, sauti ikiwa imemkauka, Mzee Mbaruku alimtafuta mkewe kwa macho.

"Dawa zimetoka zote?"

"Zote, baba."

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo naanza upya?"

Bi Mize akajifunika kanga uso mzima, mabega yakitikisika. Muuguzi aliyeleta uji akasimama mlangoni, asijue aingie au angoje.