Teke la Betri

Fundi wa umeme wa magari alikiinua kile kidude cha kinga kwa kibano, kidogo kama punje ya mchele, akakitazama. Kisha, badala ya kukilehemu ndani ya chaja ya simu ya garini, akakitia mfukoni.

Kazi ya kidude hicho aliijua. Gari likiwashwa, umeme wa betri hurusha teke kama punda. Kidude hulimeza lile teke, simu ikasalimika. Kisipokuwepo, teke huishia kwenye simu.

"Pini nyembamba hii!" alisema. "Siku hizi nani ana simu ya namna hii?"

Dereva wa teksi, jirani yake, akacheka na yale meno yake mazuri. "Ya mtu, fundi. Wewe funga tu, ndugu yangu."

Ya mtu! Mtu gani, kama si mke wake? Juzi alimwona akishuka kwenye teksi hiyohiyo, kakumbatia mkoba kama mtoto mchanga. Alipomuuliza, mke akababaika: "Nilikuwa sokoni, mume wangu." Sokoni, na hata kitunguu kimoja hakurudi nacho! Na mwanamke huyo ndiye aliyemfariji kwenye msiba wa mama yake, ndiye pekee ambaye fundi alimnong'oneza, "Mwenzangu, sauti ya mama nimeanza kuisahau." Leo malipo yake ndiyo haya, simu ya siri ndani ya gari la jirani.

Akakaza skrubu, akamkabidhi dereva chaja yake. "Haya, chaji mpaka uchoke."

Mchana kutwa alipiga mluzi, akikipapasa kidude mfukoni. Sasa na waongee, tuone wataongea kwa kopo.

Jioni mkewe akaingia karakana, macho mekundu, mkoba kifuani. Fundi akakunja mikono.

"Sokoni tena?"

Mke alifungua mkoba, akaweka mezani kisimu cha zamani kinachonuka moshi, na kwenye tundu lake kamba ya shanga za kijani. Fundi akazitambua shanga zile, maana alimwona mama yake akizitunga moja moja.

"Nilikikuta chini kabisa ya sanduku lake," mke alisema. "Mama alijirekodi humu, nikataka nikushtukize. Leo kikiwa kwenye chaja ya teksi, nilisikia maneno mawili tu, 'Kitindamimba wangu,' ndipo dereva akawasha gari."