Mtani Aliyelala Kaburini

Jeneza la Mzee Eliakimu lilikuwa bado mabegani mwa watu pale mwanamume mmoja aliporukia kaburini, akalala chali, akafumba macho.

"Limenienea," alisema kutoka chini. "Leo nazikwa mimi. Huyo Mgogo mrudisheni akachunge ng'ombe wake, kazi hajamaliza!"

Wazee wakaangua kicheko na machozi bado mashavuni. Mtani huyo! Mnyamwezi, bila shaka. Jina hakuna aliyelijua, na nani anamuuliza mtani jina? Hapa Ihumwa reli imetuletea Wanyamwezi tangu enzi za babu zetu, na mtani ni mtani.

Yoramu, kifungua mimba wa marehemu, ndiye hakucheka. Aliinama amvute mkono amtoe kwa nguvu. Dada yake Edina akamzuia.

"Kaka, mwache! Mtani hazuiwi. Hicho ndicho ninachosomea."

Na kweli ndicho alichosomea. Alikuwa mwaka wa pili chuoni mjini, stashahada ya utamaduni. Majirani walimcheka Mzee Eliakimu weee, eti ameuza dume zima ili binti akasomee ngoma. Kwani ngoma husomewa? Mzee akawajibu, "Huyu atakuwa Afisa Utamaduni wa wilaya. Nyie chekeni tu." Hakujua, maskini, kwamba miaka hiyo serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, haiongezi. Mwalimu Octavian aliwaambia wanafunzi kila Jumatatu: "Enzi za kusubiri barua ya ajira zimekwisha. Jiajirini kwa hicho mlichosoma." Edina hakuwahi kumfikishia baba yake maneno hayo.

Basi pale pale kaburini akatoa daftari, akaandika huku analia. Bila kazi ya utafiti hakuna cheti, na bila cheti lile dume la baba limekufa bure. Mtani alipokubali kutoka, kwa ahadi ya jogoo, alikuja kumchungulia begani.

"Unaandika? Vizuri. Weka na tarehe. Na idadi ya waombolezaji pia, wataiuliza."

Alikuwa na kovu refu shavuni na udongo wa kaburi kichwani. Baada ya maziko aliingia ndani ya tembe la wafiwa, akatoka na baiskeli ya marehemu.

Hapo vicheko vikapungua. Baiskeli ile ndiyo iliyoleta maji nyumbani, madumu matatu kila alfajiri, maana kisima kiko mbali. Yoramu akamsukuma mtani mpaka akaanguka. Watu wakashika vichwa. Jamani, kumpiga mtani msibani!

"Kaka, utatuletea balaa!" Edina alilia. "Ataileta siku ya kumaliza matanga, tukimpa kuku na pombe. Ndiyo mila. Mwombe radhi!"

Yoramu akaomba radhi, shingo upande. Mtani akajikung'uta vumbi, akapanda baiskeli ya watu, akaenda zake akipiga kengele.

Siku ya kumaliza matanga kuku alikuwepo, pombe ilikuwepo. Mtani hakutokea. Ikapita wiki, zikapita tatu. Mama yake Edina akawa anakwenda kisimani kwa miguu, ndoo kichwani, lakini hata siku moja hakuilalamikia ndoo. Alichoogopa ni kingine.

"Ameondoka na kinyongo," alisema. "Mtani akiondoka na kinyongo, nyumba haikaliki. Ndama amekufa. Yoramu naye kichwa kinamuuma tangu juzi."

"Mama, ndama amekufa kwa ukame."

"Wewe ndiye msomi. Nenda kaviulize vitabu vyako, tumtulize vipi mtu yule. Usirudi bila jibu, mwanangu."

Edina akaenda, moyo mzito. Yeye ndiye aliyesema mwache. Yeye ndiye aliyesema baiskeli itarudi. Alipitia stesheni kuwauliza Wanyamwezi wa pale, nao wakatikisa vichwa. Mwenye kovu? Hawamjui. Labda alishuka tu na treni.

Chuoni alimkuta Mwalimu Octavian ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Pole sana na msiba, Edina."

Akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza, akanyanyuka, akafungua kabati.

"Utani wa msibani una kazi moja tu ya utafiti ya maana humu," alisema, akimpa bunda la karatasi zilizopigwa taipu na kushonwa kwa uzi. "Ya Thobias. Alimaliza miaka mitatu iliyopita, wa kwanza darasani. Kijana hodari! Aliomba uafisa wilayani, akaomba makumbusho, akaomba redioni, kote hakuna nafasi. Iliniuma. Lakini juzi nimekutana naye mjini, anasema amefuata ushauri wangu na mambo si mabaya. Msome. Jibu lako litakuwa humo."

Edina akakaa karibu na dirisha, akafunua haraka haraka. Ukurasa wa arobaini: mtani hazuiwi. Arobaini na moja: jina lake haliulizwi. Arobaini na mbili: wafiwa humwachia hata kitu cha thamani kuliko kubaki na kinyongo chake. Yote hayo aliyajua. Alichokitaka ni namna ya kumtuliza, neno moja tu la kumpelekea mama.

Akafunua tena. Palikuwa na picha, imebandikwa kwa gundi. Wanaume wawili wameketi ukingoni mwa kaburi wanacheka, kushoto mzee, kulia kijana mwenye kovu refu shavuni.

Chini yake palipigwa taipu: "Picha Na. 3. Mnyamwezi wa Urambo akimfundisha mtafiti (kulia) namna ya kulala kaburini."