Jembe la Bibi Nungunungu

Sikilizeni niwape hii, mkaichekee kwenu.

Bibi Nungunungu alianza kuumwa magoti. Wanawe watatu waliposikia, walifika mbio kumjulia hali, na wake zao na watoto wao. Wa kwanza akatoa ushauri. Wa pili akalia. Wa tatu akauliza kama viazi vimeiva. Mgonjwa ndiye aliyeinuka kuchochea moto, ndiye aliyechota maji, ndiye aliyewatandikia wageni mikeka. Siku ya nne alikuwa anatambaa.

"Mama amezidiwa," wakasema wanawe. "Hatuwezi kumwacha. Tukae wiki nyingine."

Wakamwita mganga, Korongo, ndege asiyependa maneno mengi. Akayatazama magoti, kisha akakitazama chungu kilichokuwa mekoni, kikubwa kama cha harusi.

"Dawa ipo," akasema. "Kila anayekuja kumwona mgonjwa ashike jembe kwanza, amlimie mpaka jua litue. Ndipo ale."

Palepale wa kwanza akakumbuka safari. Wa pili akaondoka akilia vilevile. Wa tatu akaomba viazi vya njiani.

Baada ya siku saba Korongo alirudi, akamkuta Bibi uani akijichezea ngoma peke yake, miiba ikilia chaka-chaka.

"Naona jembe limekufaa, Bibi."

"Mno, mwanangu! Nimeliegemeza hapo mlangoni, na tangu siku ile halijaguswa na mtu."