Mikono ya Mwosha

Siku hizo kila mkono wa bandia ulirekodi ulichofanya na kukipeleka serikalini. Bi Zamda, mwosha maiti wa mtaa, alikuwa nayo miwili. Dada yake alipofariki, mpwa wake Mwanatumu alimzuia mlangoni.

“Mama mdogo, utanisamehe. Mama hatakwenda huko serikalini uchi.”

“Basi nivueni mikono hii. Nitawaelekeza kwa mdomo.”

Mikono ikalazwa jamvini ukumbini. Ndani, mabinti wa marehemu wakaanza kuosha upande wa kushoto.

“Kulia kwanza,” alisema Bi Zamda kutoka mlangoni, mabega yakimcheza kana kwamba ndiye anayeosha. “Taratibu. Huyu alikuwa haogi maji ya baridi.”

Maji yalipokwisha aligeuka, akaiona mikono yake kule jamvini. Bado ilifuata misuli ya mabega yake, bila waya, ikisugua hewa taratibu kuanzia kulia, na taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka.